Bi Zamda na Mikono ya Shati la Safari

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika matangazo ya Soko la Kivulini, hapa Kariakoo, Bi Zamda Nandonde anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sisi wa ofisini tumeshaanza kuchanganyikiwa.

Wiki yake ya pili kazini aliandika tangazo fupi: meza zote ziondolewe, sakafu inaoshwa. Safari, kuli mpya aliyekuwa na nguvu za kumwaga, alilisoma akatii. Aliondoa za wauza nyanya, akaondoa za wauza dagaa, kisha akapanda ghorofani akaondoa ya meneja, simu ikiwa juu yake. Meza hiyo tuliikuta jioni Ilala kwa fundi seremala, imeshapigwa randa upande mmoja.

Tangu siku hiyo Bi Zamda hakubandika karatasi bila kumwita Safari, akamsomea na kumuuliza akisikia hivyo atafanya nini. Safari akianza kukunja mikono ya shati, karatasi inachanwa. Ndiyo maana kwenye matangazo yetu taka huzolewa, mizigo husogezwa, pikipiki huhamishwa, mabango ya zamani hubanduliwa na vibaka hutimuliwa. Neno kuondoa tu, hapana. Tulimcheka, jamani! Tulisema mama huyu ana mbwembwe.

Kicheko kilitukauka mwaka 2019. Meneja aliagiza iandikwe kwamba wauza nazi wa lango la nyuma waondolewe, mfereji unazibuliwa. Mmoja wao ni Bibi Shadya, aliyekaa pale miaka ishirini na kusomesha wajukuu wawili kwa nazi hizo. Alijua fika kwamba ukiondolewa Kariakoo, nafasi yako ina mwenyewe kabla ya adhuhuri. Habari ilipomfikia alilia waziwazi. Safari aliposomewa rasimu, mikono ya shati ilipanda hadi kwapani.

Bi Zamda alirudi kwa meneja kuuliza wanaondolewa kwa siku ngapi. Meneja hakuwa amelifikiria hilo. Bi Zamda akasimama mlangoni mpaka akalifikiria. Tangazo lililobandikwa lilisema wauza nazi watapisha siku tatu, kisha kila mmoja atarudi mahali pake, na chini likagongwa muhuri. Siku ya nne Bibi Shadya alikuwa amekaa kwenye gunia lake lilelile. Hadi leo Bi Zamda hanunui nazi pale. Anapewa, atake asitake.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema kwamba Bi Zamda anaondoka. Aliirudisha ikiwa na wino mwekundu, akauliza kama Safari amesomewa. Ikabidi tumsomee. Safari, siku hizi kichwa kizima mvi, alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho, akakunja mikono ya shati. Kisha akabeba meza ya Bi Zamda hadi kwenye mkokoteni na kuusukuma mpaka nyumbani kwa mwenye meza, Ilala. Hakuna aliyemzuia, hata meneja.

Asante, Bi Zamda. Tunakuombea afya, furaha na usingizi mtamu wa asubuhi. Haya tumeyaandikia juu ya kreti la soda, maana meza unayo wewe. Ukitukumbuka, pita lango la nyuma. Bibi Shadya amekutandikia gunia pembeni yake, na juu yake tumebandika tangazo: hapa ni mahali pa Bi Zamda. Safari tumemsomea. Mikono ya shati haijakunjwa.