Siku ya Tisa Bila Kapteni

Benchi letu liko Frederiksberg, huku Ulaya, chini ya miti ile ambayo watalii huipiga picha mpaka simu zinaisha chaji. Kila asubuhi tunakaa wanne: Profesa, aliyefundisha hesabu shule ya msingi, Birthe, tunayemwita Redio, mimi, wanayeniita Mkia kwa kuwa huchelewa, na Kapteni, mwenye chupa ya kahawa. Kapteni hajaonekana siku ya tisa sasa. Anaishi peke yake ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu, na taa yake inawaka mchana na usiku. Leo kahawa kaleta Redio, nayo ni maji matupu.

— Yuko kisiwani Mallorca, anaota jua, akasema Redio. Wajanja wote wako Mallorca mwezi huu.

— Na taa?

— Kaiacha kuwazuga wezi.

— Wezi gani, wewe? Profesa akadakia. Jamaa kapata mwanamke Malmö, ng'ambo ya bahari. Juzijuzi alinunua soksi. Asiyekuwepo na lake halipo, nimiminie kikombe chake.

— Soksi tu ndiyo mwanamke?

— Pea tatu, mwenzangu.

— Mimi naona kanuna, nikasema. Redio, ulimwambia kikohozi chake kinafukuza ndege.

— Nilimtania tu.

— Basi kajifungia anaandika kitabu cha kututukana, Profesa akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kikitoka hicho, tutahama mtaa.

Tukacheka kwa kujilazimisha. Mimi nilikuwa na hofu tangu siku ya nne, na najua wenzangu nao walikuwa nayo.

Mama mmoja mtalii, wa Meksiko, alikuwa akipiga picha maua ya madirishani. Akaomba kuketi, akausifu mtaa wetu, usafi wake, utulivu wake. Redio hajui kunyamaza, akamsimulia yote ya Kapteni.

— Mmemgongea? yule mama akauliza.

— Kumgongea? Profesa akashangaa. Mama, huku mtu haendi kwa mtu bila kualikwa.

— Mmekaa naye hapa miaka mingapi?

— Kumi na miwili.

— Na hajawahi kuwaalika?

— Hata sisi hatujamwalika, nikasema.

Mama akanyanyuka, akavuka barabara. Tukamfuata. Pale mlangoni, ghorofa ya tatu ina kengele mbili, na kila moja ina jina la ukoo tu: Holm na Kjeldsen.

— Yeye ni yupi?

Profesa akavaa miwani, akayasoma majina yote mawili, akaivua. Redio akatazama viatu vyake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Mama akabonyeza zote mbili. Sisi watatu tukarudi nyuma hatua chache, tusionekane tuko naye.

Kwa Kjeldsen ikaitika sauti ya mwanamke. Kwa Holm, kimya. Akabonyeza tena, akabonyeza tena.

Ndipo tulipojua kwamba Kapteni anaitwa Holm.