Kaaha Anajifunza "Nilikuwa Nikisema"

Kijiwe chetu kiko nje ya soko la mifugo Garissa, ubavuni mwa duka la dawa za mbuzi, na kahawa anatuuzia Kaaha. Leo aliitia tangawizi mara mbili. Saa nane angepigiwa simu ya mtihani wa Kiitaliano. Akifaulu, anapata kazi ya kutunza wazee Torino, Italia, aliko mumewe, Hamse. Angetakiwa kueleza maisha yake ya zamani. Tulikuwa mimi, mzee Awil tunayemwita Roma kwa kuwa alisoma shule ya Waitaliano Mogadishu, na Gelle Mhadhiri, ambaye hakuna asilolijua.

Roma: Parlare ni kusema. Toa "re", weka "vo". Parlavo, nilikuwa nikisema.

Kaaha: Na dormire, kulala?

Roma: Dormivo. Ni ile ile.

Kaaha: Adeer, mzee wangu, kwani nikisema "nilisema" kuna ubaya gani?

Roma: "Nilisema" imeisha. Parlavo ilikuwa inaendelea, mazoea. Iliisha lini, hatuambiwi.

Gelle: Hiyo ni ya wanasiasa! Mheshimiwa alikuwa akijenga barabara. Mpaka leo!

Roma: Waryaa wewe, nyamaza.

Gelle: Wallahi, Waitaliano waliitoa kwa ngamia wetu. Ngamia hatafuni akamaliza. Haba na haba hujaza kibaba: vo na vo, mama yuko Torino!

Kaaha hakucheka. Alikuwa akinimiminia huku akiitazama simu yake.

Roma: Tunga moja yako, binti.

Kaaha: Hamse mi telefonava ogni sera.

Roma: Maashallah! "Hamse alikuwa akinipigia simu kila jioni."

Iftin, mama mmoja wa Kotile aliyekuja kununua dawa ya kupe, alikuwa ameketi pembeni akingoja kahawa yake.

Iftin: Walaal, dada yangu, siku hizi hapigi?

Gelle alitazama ndani ya kikombe.

Simu ikalia. Kaaha aliinyakua kwa mikono miwili, akaangalia namba, na mabega yakamshuka.

— Ni wa mtihani, alisema.

Akaingia nayo dukani, akarudisha mlango. Tulimsikia akikwama, akianza upya, kisha sauti ikanyooka.

— Vivevo a Garissa.

— Anasemaje? Gelle alinong'ona.

— Alikuwa akiishi Garissa, Roma alijibu, naye akajimiminia kahawa iliyobaki.