Njia ya Kijani

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mapazia, pale kona ambapo halmashauri ilichora njia ya baiskeli, ikaipaka kijani na kupanga mapipa ya maua kuzuia magari. Walisema ni majaribio. Alasiri hii madiwani wanakutana kuamua iendelee au ifutwe, kwa hiyo kahawa ilipomiminwa tu, vita vikaanza. Aliyefyatua wa kwanza ni Breki, dereva wa teksi, ambaye maegesho yake yamemezwa na hayo maua.

— Leo inafutwa! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameziba barabara nzima!

— Methali umeiegesha vibaya, akasema Spoku, fundi baiskeli, ambaye tangu njia ichorwe hana hata nafasi ya kujikuna. — Sema tu roho inakuuma.

— Inauma ndiyo! Abiria nikimshusha kule mbali ananinunia kama mke mwenza.

— Kutembea ni dawa, akadakia Mama Pazia, mwenye duka. — Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Sasa hiyo inahusu nini? akauliza Breki.

— Sijui, lakini inaingia.

Breki akasogea karibu, akapunguza sauti.

— Mmejiuliza kwa nini kijani? Ile rangi inaonekana kutoka angani. Kuna watu huko juu wanatuhesabu.

— Angani wapi! Hiyo ni njama ya wauza mapipa, akasema Spoku. — Leo maua, kesho watatuuzia vipepeo.

— Nyote hamjui, akasema Mama Pazia. — Inayojaribiwa si barabara, ni sisi. Tukivumilia kijani cha chini, mwakani wanatupakia nyumba rangi.

Mimi nikasema labda wanataka tu watu wasigongwe. Wakanitazama kama niliyetia chumvi kwenye birika.

Hapo ndipo akaja mwanamke mmoja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Miguu yake ilikuwa imefunikwa kitenge, na nyuma amefunga sanduku la zana.

— Hamjambo jamani?

— Hatujambo, dada. Karibu kahawa.

— Ahsante. Mimi fundi viatu, nimehamia mtaa wa nyuma. Nilikotoka nilikuwa nasukumwa kila asubuhi mpaka kazini, na anayenisukuma akinuna, siendi. Hapa ndipo nimeanza kujipeleka mwenyewe. Nimesikia madiwani wana kikao leo. Wakiifuta hii njia, mimi nitapita wapi?

Breki akatazama barabarani, malori yalikokuwa yakipumuliana visogoni. Akatazama pembeni, mtaro uliokaa wazi.   Spoku akawa anageuza spana ambayo haikuwa na kazi. 

Mwishowe Breki akainuka, akajikung'uta suruali.

— Dada, hilo swali si letu. Wenye kulijibu wako ukumbini sasa hivi. Twende. Kama pana ngazi, tutakubeba.

— Na baiskeli yangu?

— Na baiskeli yako.

Tukaiacha kahawa ikifuka mvuke. Yeye mbele juu ya kijani, sisi nyuma kwa miguu, Breki akihema.

— Lakini maegesho yangu bado nayataka, usije ukadhani!

— Kayaseme na wewe, akajibu fundi viatu, mikono ikizungusha. — Ila mimi naanza.