Amekuja Siku Moja Kabla

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, mwanzoni mwa mtaa, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, wakauwekea tofali. Kila alasiri walikaa hapo Mzee Redio, aliyejua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Pancha, fundi wa matairi. Na Kinyozi mwenyewe, akikosa kichwa cha kunyoa. Mama Kahawa alikaa mbele yao na birika lake, akiwamiminia na kuwasuta. Siku hiyo walikuwa wanagombana juu ya refa wa mechi ya jana, mara Pancha akaacha neno katikati. Mrefu alikuwa anakuja, anaburuta sanduku. Alitakiwa kufika kesho.

Miaka sita Mrefu alikuwa ng'ambo, akifua mashuka ya hospitali. Mama yake alifariki miezi minne iliyopita, naye hakuambiwa. Dada yake ndiye aliyekata shauri. Mkataba wa Mrefu ulikuwa haujaisha. "Akiondoka sasa kazi hawamrudishii, na mama hatamkuta," alisema Dada. "Apoteze vyote viwili?" Mtaa ukaombwa ufunge mdomo, ukafunga. Wajomba wangempokea kesho uwanja wa ndege, wamkalishe, wamwambie taratibu. Sasa huyu hapa, peke yake, meno yote nje.

— Nimepata nafasi ndege ya mapema! Mrefu alisema, akiwakumbatia mmoja mmoja. Nyumbani hawajui. Nataka nimshtue mama.

Hakuna aliyecheka ila yeye.

Kinyozi alijifanya anafuata taulo ndani, akampigia Dada kiwandani.

— Mshikilie hapo hapo, Dada alisema. Nipe nusu saa. Asiende akakuta mlango una kufuli, kaka yangu, nakuomba.

Kinyozi alitoka akamkonyeza Mzee Redio. Mzee alielewa.

— Kaa, mwanangu.

— Nitarudi, mzee. Kwanza nikamwone mama.

— Kaa! Mtu akitoka kwenye ndege haendi nyumbani moja kwa moja. Kule juu masikio yanaziba. Ukiambiwa jambo kabla hayajazibuka, linakwama humo humo. Ilitangazwa.

— Ilitangazwa wapi?

— Redioni.

— Redio yako si ilikufa kabla sijaondoka?

— Ilitangazwa kabla haijafa!

Mrefu akacheka, akakaa. Benchi likalalamika. Mama Kahawa akampa kikombe bila kumtazama usoni.

— Masikio si kitu, Pancha akadakia. Shida ni miguu. Shemeji yangu alishuka kwenye ndege, akakataa kupumzika. Aliizunguka nyumba yake mara tatu, mlango haoni. Mkewe anamwita dirishani, yeye anapiga hodi ukutani!

— Alikuwa amelewa, Mama Kahawa alisema.

— Shemeji yangu hanywi!

— Basi nyumba ndiyo ililewa.

— Usicheke, mama, Mzee Redio akasema. Nyumba nazo hubadilika. Mtu akikaa ng'ambo miaka mitano, nyumba yao inahama kidogo kidogo. Mwaka huu kidole, mwaka ujao kidole.

— Inahamia wapi?

— Kwa jirani! Unafikiri ugomvi wa mipaka unatoka wapi?

Wakacheka, hata Kinyozi. Alikuwa anatazama kona ambako Dada angetokea. Birika lilikuwa jepesi sasa. Mama Kahawa aliongeza maji mara moja, kisha mara ya pili, na kahawa ikawa rangi ya maji ya kuoshea vikombe. Mrefu aliinywa hivyo hivyo.

— Kule mashuka yanakuja ya moto, alisema taratibu, kama anaongea peke yake. Unakunja, unakunja, siku nzima humwoni aliyeyalalia. Nilikuwa nasema, siku moja nitamtandikia mama mashuka kama yale.

Mzee Redio alitafuta uongo mwingine, akaishia kuzungusha kikombe kitupu.

Mrefu akalaza sanduku chini, akafungua zipu. Alitoa ndara laini, pana, zenye manyoya ndani.

— Nimechukua namba moja zaidi, sababu ya ule uvimbe wa miguu ya mama. Kinyozi, wewe uliniambia ulimwona. Ijumaa ile nilipokupigia, Dada alipokuwa hapokei simu. Ukasema umemwona asubuhi, hana neno. Miguu ilikuwaje?

Kinyozi alizitazama zile ndara. Angeweza kusema uvimbe umepungua. Neno lilikuwa pale pale ulimini, jepesi. Lakini miezi minne hakuwahi kuipita nyumba ile bila kuinamisha kichwa, na leo mwenye nyumba alikuwa amekaa ubavuni kwake, bega kwa bega.

— Nilimwona, kaka, alisema. Hilo sikukudanganya.

— Eeh.

— Nilikuwa mmoja wa waliombeba.

Pancha alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama Kahawa alitua birika, akaanza kulia bila sauti, mkono mdomoni.

Mrefu hakupiga kelele. Aliinama, akarudisha ndara sandukuni, moja, halafu nyingine, akazilaza vizuri kama mtu anayepanga nguo za mtoto. Akajaribu kufunga zipu, ikakataa. Kinyozi alinyoosha mkono amsaidie, Mrefu akausukuma.

— Ijumaa ile, alisema.

— Tulikuwa tumetoka kumzika. Bado nilikuwa na udongo kwenye viatu. Dada yako alikuwa hawezi kushika simu. Nisamehe, bwana. Tuliona tunakuokoa.

— Na baada ya hapo nimepiga kila Ijumaa. Naambiwa amelala. Naambiwa yuko bafuni, masikio yamekuwa mazito, hasikii simu. Nikasema sawa, mwambieni nampenda, mwambieni nakuja. Dada anasema, nimemwambia, amefurahi.

Akainua uso, akawatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeuliza njia.

— Zile salamu mlikuwa mnampa nani?

Mzee Redio alisukuma tofali la benchi kwa mguu. Pancha akasogea akampa Mrefu nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo. Kule kwenye kona Dada alitokea anakimbia, bado ana aproni ya kiwandani. Alipoona wamekaa hivyo, Mama Kahawa analia, akapunguza mwendo, akatembea, kisha akasimama katikati ya njia.