Usiku wa Ijumaa

Tulikuwa watatu kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, kutoka Tudor kwenda mjini, nami niliyebanwa katikati sikuulizwa lolote. Wenzangu walikuwa wameshasalimiana mpaka wakajuana majina. Msichana, Everlyne, alikuwa akienda kufanya mtihani wa kazi, na karatasi za mazoezi alizishika mkononi. "Ikiwa juzi ilikuwa Jumanne," akasoma kwa sauti, "kesho ni siku gani?"

"Yategemea," akasema Bi Mwanarusi, mama mtu mzima wa buibui. "Magharibi imeshaadhiniwa au bado?"

"Swali halina saa, mama. Leo Alhamisi, kesho Ijumaa."

"Jua likitua Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Harusi ya mwanangu tulisema ni usiku wa Ijumaa. Wenzake wa kazini, watu wa bara, wakaja Ijumaa jioni na zawadi zao, wakatukuta twaosha masufuria."

Everlyne alicheka mpaka karatasi zikaniangukia mapajani. "Mtihani huu nimeanguka mara mbili kwa hofu," akasema. "Leo badala ya kuogopa nitakuwa nikiyaona masufuria tu."

"Basi waandikie hao wa mtihani Ijumaa, uwaridhishe. Lakini wamekosea."

Tuktuk ikasimama mbele ya ofisi. Everlyne akashuka, nikampa karatasi zake.

"Kazi ukiipata, mwanangu, uje kwangu ule pilau. Usiku wa Ijumaa!"

"Nitakuja Alhamisi, mama!"

"Ijumaa, nimesema!"

"Alhamisi, jua likishatua!" akajibu Everlyne, akipanda ngazi mbilimbili.

Mimi sikualikwa siku yoyote.