Msizibe Tundu la Hewa

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya nitakayosema sitaki mmoja wenu aje kuyasikia kwa mwenzake yakiwa yamepindwapindwa. Kifungua mimba wangu, kaa mkono wa kulia. Dada yako akae kushoto. Nawe mjukuu wangu, uliyeegemea mlango kama mgeni, ingia ndani, haya yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Nyumba hii aliyoijenga baba yenu kwa mikono yake, mwashi yule ambaye tofali likipinda kidogo tu hali chakula, haiuzwi wala haigawanywi. Cherehani yangu ni ya mkwe wangu, aliyenivumilia miaka yote bila kununa. Kile kipande cha shamba la miti kule mteremkoni ni chenu wote. Lakini jiko la kuni la sebuleni, pamoja na dohani yake inayotoa moshi paani, namkabidhi binti yangu, na atakalosema yeye juu ya moto wa nyumba hii ndilo litakalofuatwa. Usikunje uso, kifungua mimba. Nisikilize kwanza.

Mjukuu wangu, yapo uliyofichwa. Ulikuwa mchanga, hujaanza hata kukaa, na baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuvunja mifupa. Baba yako, huyu kifungua mimba wangu, kwa mapenzi yake kwako, akaona upepo unapenya kwenye lile tundu la hewa ukutani, akalishindilia matambara. Kisha akabana hewa ya jiko ili makaa yadumu, asijue kwamba ndege wamejenga kiota juu ya dohani na masizi yameganda humo kama lami. Asubuhi ile shangazi yako alikuwa anarudi kutoka dukani, akatazama mapaa, akaona nyumba zote zinatoa moshi isipokuwa yetu, na jiko alikuwa ameliacha linawaka. Akaingia mbio. Mimi nilikuwa kitini, kichwa kinanigonga, miguu imekufa ganzi, nikidhani ni mafua tu. Mama yako amelala, anaitwa haitiki. Nawe ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Moshi hatukuuona, harufu hatukuisikia. Hewa ile ya sumu, wanangu, haibishi hodi. Shangazi yako hakumuuliza mtu. Alishika kigoda akavunja kioo cha dirisha, akavunja na cha pili, akakutoa nje umemlalia kifuani, akarudi kuniburuta mimi, akarudi tena kwa mama yako.

Baba yako alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Akaja, akaona vioo chini na mtoto wake kwenye umande, akamzaba dada yake kofi mbele ya majirani. "Unataka kumuua mwanangu kwa baridi?" Ndivyo alivyosema. Daktari alipotueleza yaliyotupata, kaka mtu alinunua vioo vipya akavitia mwenyewe, akasafisha dohani mpaka akawa mweusi tii. Lakini neno moja tu, neno jepesi, likamkwama kooni hadi leo. Na binti yangu naye akajifungia, salamu zao zikawa za kupitia kwangu: mama mwambie, mama muulize. Sasa mama anaondoka. Mtaambizana kupitia kwa nani?

Nipeni maji. Kidogo tu… Basi, yametosha.

Binti yangu, kila mwaka kabla baridi haijaanza, dohani isuguliwe kwa ile brashi ndefu, juu mpaka chini, na wavu wa kofia yake uangaliwe usiwe na kiota. Usipande paani bila mtu wa kukushikia ngazi. Kuni mbichi ndizo zinazoleta yale masizi ya kunata. Gongeni vipande viwili, vikilia kwa mlio mkavu viingie jikoni, visipolia virudi kibandani. Msichome plastiki wala mbao zenye rangi, wala msichochee moto kwa mafuta ya taa. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, mbali na ukuta wa mbao, hata yakionekana yamepoa. Mkisikia dohani inanguruma kama lori linalopanda mlima, jueni masizi yameshika moto: fungeni hewa ya jiko, tokeni wote, waiteni zimamoto, msimwage maji. Na lile tundu la ukutani, hata mkitetemeka meno, msilizibe. Ongezeni blanketi.

Kifungua mimba… unalia. Unasema nini? Hapana, mwanangu, usiniambie mimi. Mimi sikupigwa kofi. Mgeukie aliye upande wa pili wa kitanda. Sema kwa sauti, na binti yako asikie.

Haya. Nimesikia.

Nawe binti yangu, umemjibu nini? Eti "Hata hivyo kofi lako lilikuwa la kitoto"? Msinichekeshe, jamani, mbavu zinaniuma… Shikaneni mikono. Hivyo, hapo juu ya shuka, niione.

Mnizike kando ya baba yenu, bila makeke. Mkwe wangu msimwachie vyombo vyote vya msiba peke yake. Sauti inaniishia… Mungu awape riziki ya halali na usingizi mwema. Na kila mkilala, wanangu, muamke wote… mhesabiane… wote…