Rabson Mgaya na Neno la Kumgandisha Mtu

Nyie mliohamia Mbeya, mmetutupa. Tangu kiwanda kipunguze watu, salamu zenu za kamwene zinakuja kwa simu tu, kama vile Mafinga haina barabara. Sasa Rabson Mgaya anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mbao, na habari zake mnazisoma kwenye karatasi wakati mngekuwa hapa jikoni kwangu kiwandani mnakula. Haya, someni.

Aliingia kama mpanga mbao, akawa mshika msumeno, akaishia msimamizi wa uwanja wa magogo. Vidole vyake vyote anavyo. Kwa kazi yetu hicho ni cheti. Ni mbishi, chai anaitaka bila sukari, na chakula changu hajakisifia hata siku moja, ila sufuria anakwangua.

Sheria ya uwanja mnaikumbuka: filimbi ikilia, kimbia upande wa geti. Na mtu akipaza "simama," anaambiwa mwenye msumeno azime. Neno la kumwambia mtu abaki pale pale alipo hatukuwa nalo.

Mwaka juzi akaja Ignasio, fundi Mhispania, kufunga mashine mpya. Mtu akisogea ovyo, anapaza: "Quieto!" Rabson akaling'ang'ania hilo neno, kieto. Akaliambia lori lililoegeshwa. Ignasio akatikisa kichwa, kisichokwenda hakiambiwi. Rabson akamwambia Jailos, kijana wa uwanjani, kieto, aache kutafuna. Ignasio akakataa tena. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akamweleza: anaambiwa mwenye kutaka kwenda, farasi, mtoto, mtu aliyeshtuka, asitikisike hata kidogo. Na mwanamke anaambiwa kieta. Hilo la mwisho Rabson hakulishika kamwe.

Basi saa ya chai ikawa mateso. Unanyanyua kikombe, "Kieto!" Unaganda nacho mdomoni.

"Mzee Mgaya, naungua!" mjukuu wangu wa kike Ikupa, anayenisaidia jikoni, akalalamika.

"Ungua, mama, lakini usitikisike."

Nikamwambia mbele ya watu kwamba uzee umempanda kichwani.

Ikaja mvua ya Machi, udongo ukalegea. Ikupa alikuwa anaokota mabanzi kando ya rundo kubwa, mimi nimesimama mlangoni pa jiko na mwiko. Rundo likalia, kwaa. Nikaona magogo ya juu yanaachia, yanashuka upande wa geti, kwenye njia ile ile tuliyofundishwa kukimbilia. Rabson alishaweka filimbi mdomoni. Akipuliza tu, mtoto anakwenda chini ya magogo kwa miguu yake mwenyewe. Ikupa alishainua mguu.

Rabson akaitema filimbi.

"Kieto! Ikupa, kieto!"

Mguu ukabaki hewani. Gogo la kwanza likapita mbele yake, likabeba kapu lake. La pili likafuata, tope likamrukia usoni, wala hakupepesa. Akabaki hivyo hivyo mpaka Rabson alipokwenda kumshika mkono. Mwiko wangu sijui niliuangusha wapi. Ignasio alikuwa amepauka kama unga wa sembe, na siku hiyo hakumsahihisha mtu.

Tangu hapo uwanja una sheria ya pili, na kila anayeajiriwa anafundishwa neno hilo kabla hajapewa glovu.

Rabson, mbishi wewe, umenirudishia mjukuu wangu akiwa mzima. Yale ya uzee kichwani nimeyafuta. Nenda nyumbani Kihesa kwa mkeo Eveline, ulale bila mngurumo wa msumeno, ule ushibe, na Mungu akuongezee siku za kubishana na mama huyo. Sufuria yako nakuwekea.

Nanyi wa Mbeya, mkija, na mje kabla hamjaletewa habari zangu mimi, msikate uwanja mbio kuja jikoni kama zamani. Filimbi sasa anaivaa Ikupa. Akipaza "kieto," gandeni hapo hapo mlipo, hata kama harufu ya maharage imewafikia. Mengine mtaniuliza mkishakaa mezani.